Mate ya Gari

Jumanne, tarehe 4 Julai 1995, ndiyo siku mambo yote yalipoharibika kijijini Lugoye. Watu wazima husema yaliharibika jioni, moto ulipoonekana mbele ya ghala la pamba. Odeta anajua yaliharibika asubuhi, na hapakuwa na mtu aliyeona kitu.

Asubuhi yenyewe ilianza kama nyingine zote. Shule zilikuwa zimefungwa. Odeta, msichana wa miaka kumi na miwili, aliteka maji ziwani, akafagia uwanja, akakoroga uji, kisha akamfuata baba yake nyuma ya nyumba kulinywesha lori. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita kwa malaria, katika zahanati ambayo viongozi waliiandikia taarifa kila mara kwamba dawa zimefika. Tangu hapo Odeta na baba yake, Mihayo, walifanya kazi zote pamoja, za jikoni na za gari.

Mihayo alikuwa dereva wa chama cha wakulima wa pamba. Kwa miaka mingi aliendesha lori kuukuu la dizeli, lililovuta tela lililojaa magunia hadi kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Kulinywesha kulikuwa hivi: Mihayo alitumbukiza mpira ndani ya pipa, akaunyonya mpaka mafuta yakaja, kisha akauelekeza kwenye tangi. Tangi likijaa, yale yaliyobaki ndani ya mpira Odeta aliyakinga kwa kopo. Wao waliyaita mate ya gari.

Mate ya gari hayakuwa wizi. Yalikuwa desturi, hata mwenyekiti aliijua. Mengine yaliwashia kuni mbichi, mengine yalipakwa kwenye nguzo za nyumba ili mchwa wasizile, na mengi Odeta alimpelekea Mzee Luhende, mlinzi wa ghala, atie kwenye koroboi yake. Chama kilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe, lakini hakikuwa na mafuta ya taa ya mlinzi. Dizeli ilitoa moshi mweusi, ikampaka mzee masizi puani, ila iliwaka taratibu, na mzee akaona mbele.

Lakini lori la asubuhi ile halikuwa lile kuukuu. Mwaka ule biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye uwezo anunue. Wakubwa wa mjini walilichukua lile la dizeli, wakasema linakwenda kukaguliwa, na huko lilikokwenda kukaguliwa halikurudi. Wakulima wakachanga, wakawatuma viongozi wao pamoja na Mihayo kwenda Mwanza, kwenye yadi moja yalikouzwa magari ya shirika lililovunjwa. Pale palikuwa na malori mawili. La kwanza lilikuwa la dizeli, chafu, likakohoa sana kabla ya kuwaka. La pili lilikuwa la petroli, limepakwa rangi mpya ya bluu, na lilipotiwa ufunguo liliwaka mara moja, likanguruma laini kama paka aliyeshiba.

Mwenyekiti, Bwana Chenge, alipiga makofi. "Hili halina moshi, halina kelele, na bei yake inashikika. Mnataka nini tena?"

"Mwenyekiti, kwa kuvuta, dizeli ndiyo huvuta," alisema Mihayo kwa sauti ya chini. "Sisi tuna tela, na tuna mlima."

"Gari ni gari, Mihayo, na mafuta ni mafuta. Anayelitaka la bluu anyooshe mkono."

Mikono ikanyooshwa. Mihayo aliwatazama wenzake, akaufikiria usukani aliokuwa akiushika kwa hisani ya watu hao, akanyoosha na wake.

Waliporudi kijijini walipokewa kwa vigelegele. Walisema tumepata gari, na lile jingine la yadi lilikuwa bovu. Hakuna aliyesema kwamba gari hili linakunywa kitu kingine.

Basi asubuhi hiyo, siku ya kwanza ya lori la bluu kuvuta tela, Mihayo alijaza tangi, akauning'iniza mpira ukutani. "Leo hapana mate, Odeta. Lori hili lina kiu. Kila tone nalitaka."

"Na taa ya babu Luhende, baba?"

"Babu Luhende akamwombe mwenyekiti."

Aliingia ndani kuvaa viatu. Odeta akabaki peke yake na ule mpira. Alimfikiria mzee akikesha gizani, miguu yake mibovu imekunjwa kwenye gunia. Baba anabana mafuta tu, akajisemea, hivi vitone vitamharibia nini? Akaushusha mpira upesi, akalijaza kopo.

Tone moja lilimwangukia mkononi. Lilikuwa la baridi, kinyume na dizeli, na kabla hajalipangusa lilikuwa limekauka lenyewe, kama kwamba halikuwapo. Harufu yake ilimchoma puani. Odeta alishtuka kidogo, lakini viatu vya baba vilishasikika mlangoni, naye akakimbia na kopo lake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu wa ujanani," alitania Mzee Luhende, ameketi kwenye kichumba chake mlangoni mwa ghala. Nyuma yake magunia yalipanda hadi kwenye bati. Pamba yote ya Lugoye ilikuwa mle, jasho la kila nyumba, isipokuwa ile iliyokwisha kupakiwa kwenye tela. "Umeniletea mate?"

"Ndiyo. Lakini usimwambie baba."

Mzee alinusa kopo, akakunja uso. "Mbona yananuka hivi?"

"Ni ya gari jipya."

"Haya, gari jipya na mate mapya. Weka pale karibu na koroboi. Jua likizama nitakukumbuka."

Juu ya bati walisimama korongo wawili, vichwa vyao vimezama mabegani, kama watu waliokuja mapema msibani. Odeta aliwarushia jiwe. Hawakuruka.

* * *

Odeta alisafiri na baba yake siku hiyo, maana nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Nyuma, juu ya magunia, alikaa utingo, kijana mcheshi aliyeitwa Mhoja. Kwenye barabara tambarare lori la bluu lilikwenda vizuri, na Mhoja akaimba. Walipoanza kuupanda mlima wa Mawe Mawili, wimbo ulikatika.

Injini ilipiga kelele kali, lakini tela halikufuata kelele. Mihayo alirudisha gia, akarudisha tena, akafika ile ya mwisho. Mvuke ukaanza kutoka mbele. Lori likatetemeka, likasimama, kisha, polepole sana, likaanza kurudi nyuma.

"Mhoja! Mawe!" Mihayo alipiga kelele, mguu umezama kwenye breki.

Odeta aliona kwenye kioo tela likijikunja kama kiwiko, likielekea ukingo wa barabara ambako chini kulikuwa na korongo refu la mawe. Mhoja aliruka, akasukuma jiwe chini ya tairi, tairi likalipanda jiwe, akasukuma jingine kubwa zaidi. Hapo likashika. Kwa muda hapakusikika kitu isipokuwa maji yakichemka ndani ya rejeta.

Walikaa pale tangu jua likiwa utosini hadi lilipoanza kuegemea. Mihayo alijaribu kupanda tena, na kila alipojaribu, injini ililewa petroli bure na mlima ukabaki pale pale.

Kisha walisikia mngurumo mzito kutoka chini. Lori lilikuja taratibu, likitoa moshi mweusi, na nyuma yake likivuta tela lililojaa kuliko la kwao. Halikupiga kelele. Lilipanda tu, kama ng'ombe wawili wa plau waliozoea shamba. Mihayo alilitambua kabla halijafika. Lilikuwa ni lile la dizeli waliloliacha yadi. Sasa lilikuwa limepakwa jina la mnunuzi mpya wa pamba, ambaye watu wa Lugoye hawakumjua.

Dereva wake alisimamisha juu kidogo, akateremka. Aliitwa Okomo, mtu wa Mara, aliyefahamiana na Mihayo tangu zamani.

"Omera, ndugu yangu Mihayo! Mlima huo unaupigia kelele ili ukuogope?"

"Cheka tu, ndugu yangu. Nimepewa ndama nivute plau."

"Siyo ndama. Ni mbwa wa kuwinda huyo." Okomo aligonga bodi la lori la bluu. "Akiwa mtupu utampenda, atakukimbilia mpaka upepo uone haya. Ila mzigo, hapana. Dizeli huvuta hata injini ikizunguka polepole, na kwa mzigo mmoja hunywa kidogo. Petroli lazima uifokee ndipo ivute, na kila ukiifokea inakunywa. Nani alikuchagulia hili?"

Mihayo aliinamia injini. Alikuwa amefungua kabureta, na petroli ilikuwa imemwagika barabarani. Okomo alisogea pembeni mbali kidogo, akawasha sigara, akakitupa kijiti cha kiberiti bila kuangalia.

Kijiti hakikufika chini. Hewa yenyewe ndiyo iliyoshika moto. *Fuu!* Ulimi wa moto wa bluu ulitambaa juu ya barabara, ukainuka, na Mhoja akaruka huku akitukana. Mihayo alichota mchanga kwa mikono miwili, wote wakachota, mpaka ukazimika.

"Okomo, unataka kutuzika? Hii siyo dizeli uliyozoea!"

"Nisamehe, omera. Mkono ulisahau."

Odeta alisimama kando ameshika mdomo. "Baba," alisema kwa sauti ndogo, "mafuta haya... mtu akiyatia kwenye koroboi?"

"Koroboi? Hiyo haitakuwa taa tena, mwanangu. Itamrukia mtu usoni na kuondoka na nyumba." Mihayo aligeuka. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Wakati huo ndio Odeta aliokuja kuujutia baadaye kuliko ule wa asubuhi. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Akisema, baba atajua kwamba alikatazwa akachukua. Baba ana aibu ya kutosha leo mbele ya Okomo. Na jua bado liko juu, akajipa moyo. Tutafika kabla mzee hajawasha.

Okomo akaenda kuchukua mnyororo wa kuwavuta. Mnyororo ukakatika. Ukaungwa kwa waya. Jua likashuka kiganja kimoja, kisha kingine. Kutoka pale mlimani ziwa lilionekana lote, na upande wa Lugoye Odeta aliona wingu jembamba jeusi likipanda juu ya maji.

"Moshi!" alipiga kelele. "Baba, ule moshi!"

Mhoja alicheka. "Moshi gani? Wale ni wadudu wa ziwani. Umewaona tangu uzaliwe, leo unawaogopa?"

Kweli walikuwa ni wadudu, maelfu kwa maelfu, wanaopanda kutoka majini na kusimama angani kama moshi wa shamba. Lakini Odeta hakuweza tena. Alimshika baba yake shati lililojaa mafuta, maneno yakatoka pamoja na machozi.

"Nilichukua mate, baba. Asubuhi. Nimempa babu Luhende. Yako pale na koroboi, ndani ya ghala."

Mihayo alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Aliinua mkono, na Odeta akafumba macho akisubiri. Mkono ule ukapita, ukashika pini ya tela.

"Mhoja, kata tela! Okomo, ndugu yangu..."

"Nendeni!" alisema Okomo. "Tela nitawavutia mimi. Nendeni!"

Lilipofunguliwa tela, lori la bluu likawa mnyama mwingine. Liliteremka mlima na kuruka mashimo, upepo ukapiga mluzi madirishani. Odeta hakujua kwamba lori linaweza kukimbia hivyo. Jua lilikuwa limegusa maji. Walipita mnada, wakapita kanisa, na walipofika kwenye mkuyu wa shule injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Sindano ya mafuta ilikuwa imelala chini kabisa. Mlima ulikuwa umeyanywa yote. Vitone vya kopo lile, labda, vingewafikisha.

"Kimbia!" Mihayo alisema. "Wewe una mbio kunishinda. Mwambie asiwashe!"

* * *

Mzee Luhende alikuwa ameketi kichumbani, koroboi imejaa magotini pake, kiberiti mkononi. Odeta aliingia akihema, pumzi imekwisha.

"Babu, usiwashe! Siyo mafuta! Siyo mafuta hayo!"

Mzee aliinua macho. "Siyo mafuta? Ni nini basi, maji?" Akacheka kwa uchungu. "Ahaa! Kumbe ndiyo maana yananuka. Sasa wameanza kuuziana maji yenye harufu huko mjini! Ngoja tuyajaribu, tuone kama yatashika."

Maana kwa watu wa Lugoye, kitu ambacho siyo mafuta hakiwaki. Odeta alikuwa amesema kweli kwa neno baya. Kijiti cha kiberiti kikakwaruza.

Hapakuwa na nafasi ya neno jingine. Odeta aliirukia koroboi, akainyakua, akageuka mlangoni na kuirusha nje kwa nguvu zake zote. Petroli ilimwagikia mkono wake hadi kwenye kiwiko, na nyuma yake kile kijiti kilikuwa kimeshika. *Fuu!* Uwanja uliwaka. Mkono wake uliwaka. Aliuona, wa bluu na manjano, kama wa mtu mwingine, kisha ndipo maumivu yalipokuja.

Mzee Luhende, mwenye miguu mibovu, alimwangukia na gunia tupu, akaukumbatia ule mkono na kuusonga mpaka moto ukakosa hewa. Mihayo alifika akakuta nyasi zinawaka hatua chache tu kutoka mlangoni. Majirani walikuja na ndoo. Walizima moto, wakaumwagia mkono wa Odeta maji safi ya mtungini kwa muda mrefu sana, wala hawakumruhusu mtu aupake majivu wala asali. Kisha Mihayo alimbeba mpaka zahanati. Siku hiyo kulikuwa na bandeji. Dawa ya maumivu haikuwapo.

Nyuma yao pamba ya Lugoye ilikuwa imesimama nzima, nyeupe, hadi kwenye bati.

* * *

Kesho yake mwenyekiti aliitisha mkutano mbele ya ghala. Alisimama pale penye nyasi nyeusi, akakohoa. "Ndugu wanachama, jana mlinzi mzembe na mtoto mtukutu walitaka kuteketeza mali yenu. Napendekeza mlinzi aachishwe."

Mzee Luhende aliinamisha kichwa. Odeta alimwangalia baba yake, kisha akasimama, mkono umefungwa hadi begani.

"Shikamooni. Babu hana kosa. Mimi nilikatazwa kuchukua mate ya gari, nikachukua. Nilipojua kuwa ni hatari nilinyamaza, kwa sababu niliogopa aibu. Ningesema kule mlimani mapema, tungefika jua likiwa juu. Nisameheni."

Mihayo naye akasimama. "Nami niseme langu. Nilimkataza mtoto kwa sababu ya kubana mafuta, sikumwambia kwamba yanaua. Na kule yadi nilijua kwamba lori la petroli halitavuta tela kwenye mlima wetu, lakini nilinyoosha mkono kwa kuogopa. Tela lile lingetuua."

Ndipo Mzee Luhende alipoinuka kwa kuegemea fimbo yake. Aliuweka mkono kichwani mwa Odeta.

"Sikilizeni, na ninyi watoto mliokaa mbele sikilizeni zaidi. Kosa alilofanya huyu asubuhi lilikuwa dogo, lingeoshwa kwa maneno mawili. Kilicholikuza ni kunyamaza. Kila saa aliyonyamaza, moto ulikuwa unanisogelea mimi. Ukikosea, sema upesi, hata kama utachapwa. Na ukimkataza mtu kitu, mwambie sababu ya kweli. Mtoto huyu alichelewa kusema, lakini alisema, na ndiyo maana mimi nina uso na ninyi mna pamba."

Hakuna aliyepiga makofi, lakini wanawake walisogea wakamkalisha Odeta katikati yao. Mkutano ukakataa mlinzi aachishwe. Ukaamua lori la bluu liuzwe, litafutwe la dizeli, na mapipa ya petroli yaandikwe kwa rangi nyekundu. Mwenyekiti aliitazama saa yake, akasema kwamba kama hakuna la ziada wafunge kikao.

"La ziada lipo," alisema Mzee Luhende. Fimbo yake ilielekea barabarani, ambako Okomo alikuwa anapita taratibu na lile lori la dizeli, tela lake limejaa pamba ya kijiji jirani. "Mtoto amesema lake. Dereva amesema lake. Lile pale mliliacha yadi, mkatuambia ni bovu, na kabla ya mwezi kwisha likawa la mtu mwingine. Sasa, Mwenyekiti, ninyi mliotuchagulia, nani kati yenu atasema lake?"